Mshale Ukipita Alama

Mguu wa kushoto ulikuwa ukitafuta klachi. Kila gari lilipokaribia kona au kuanza kupanda, mguu ule ulijikokota wenyewe juu ya zulia la mpira, ukanyanyuka kwa taabu, ukashuka mahali ambapo kwa maisha yake yote ya kazi palikuwa na kikanyagio, ukakuta hewa. Mwenye mguu alijifanya haoni. Mkewe, aliyekaa kando yake na kikapu mapajani, naye alijifanya haoni, na katika kujifanya huko alimzidi mbali.

Njia nzima ilimjua dereva huyu kwa jina la Hasimami, na jina lenyewe hakuliokota. Kutoka bohari ya mjini mpaka kituo cha hali ya hewa kilichoko juu ya vilima kuna uwanda wa vumbi, kisha korongo pana la mchanga lisilojua maji ila kwa kusikia, kisha mawe, mawe, na mawe tena. Kwenye korongo lile malori yalizama mpaka ekseli. Madereva wengine walisafiri na makoleo, mbao na watu wa kusukuma. Yeye alisafiri na honi. Aliingia mchangani kwa gia ya tatu, mguu wa mafuta umelala chini, akapita huku wenzake wanachimba. Siri yake ilikuwa moja tu, wala haikuwa siri, maana aliitangaza kila alipopata mtu wa kumsikiliza: ukisimama, umekwisha. Usisimame kwa mbuzi, usisimame kwa rafiki, usisimame kwa mvua. Koleo, alisema, ni la mtu aliyepanga kukwama.

Kiharusi nacho hakikubisha hodi. Kilimkuta bafuni asubuhi, mswaki mdomoni, kikamwangusha chini na kuondoka na nusu ya nguvu za mguu wa kushoto. Mdomo kilimwachia wote. Mkewe alimshukuru Mungu kwa hilo, ingawa ziko siku alijiuliza kama hakushukuru haraka mno.

Daktari alimruhusu kuendesha tena kwa masharti mawili: gari lisilo na klachi, na asiende safari ndefu peke yake. Basi lori likauzwa, ikaletwa pikapu ya otomatiki, ndefu, yenye nguvu kwenye magurudumu yote manne. Hasimami aliizunguka mara moja, akabetua midomo.

"Gari la kwendea harusini hili."

"Basi baba," binti yake mkubwa alimjibu, "utakuwa unakwenda harusini kila wiki."

Mkuu wa bohari hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mizigo ya watu mikononi. Alimwita ofisini, akamkalisha, akamweleza bila kuzunguka. Kampuni ya vijana wenye malori mapya ilikuwa inaitaka njia ile ya kituoni. Yeye angempa Hasimami safari moja ya majaribio. Saa kumi alasiri kituo huzungumza na bohari kwa redio ya upepo; kama saa hiyo mzigo, mayai na vioo vya vipimo vikiwemo, utakuwa umefika, njia itabaki yake kama zamani. Kama haujafika, wasije wakalaumiana.

"Umenielewa, mzee?"

"Nimekuelewa. Saa nane nitakuwa nimeshashusha mzigo, nageuza gari."

Kabla ya safari, fundi wa gereji alijaribu kumpa somo. "Mzee, lile lori lako adui yake alikuwa kukwama. Hili adui yake ni joto. Humu hamna klachi. Kazi yote inafanywa na mafuta yanayozunguka ndani ya giaboksi. Ukiliminya mchangani au mlimani, mafuta yale yanachemka. Yakichemka sana yanaungua, na yakiungua, giaboksi umeizika." Akamwonyesha kirejeta kidogo alichokifunga mbele, nyuma ya wavu, cha kupozea mafuta hayo. Akamwonyesha na geji ya joto aliyoipachika chini ya dashibodi, upande wa abiria, kwa kuwa ndiko nafasi ilikopatikana. Kwenye kioo cha geji alitia alama nyekundu. "Mshale ukipita hapa, tafuta udongo mgumu, simama, weka nyutro, acha injini iungurume taratibu. Usizime. Ukizima, mafuta hayazunguki, joto linabaki mlemle. Na mlimani usilishikilie gari kwa mafuta kama ulivyozoea kwa klachi. Shika breki. Na mchanga uingie na gia nzito tangu mwanzo, usingoje lishindwe kwanza."

"Fundi," Hasimami aliuliza kwa upole, "na uji wake linakunywa saa ngapi?"

Gereji nzima ikaangua kicheko, fundi mwenyewe akiwemo. Mkewe Hasimami hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, mikono magotini, anasikiliza. Alikuwa fundi cherehani, na maisha yake yote alizoea kuwasikiliza watu mpaka wamalize, maana kitambaa kikishakatwa kimekatwa.

Sasa walikuwa wamefika ukingoni mwa korongo, jua likiwa bado halijapata makali. Hasimami alishuka akapunguza upepo wa matairi, jambo ambalo hata wakati wa lori alilifanya, kwa hiyo hakuona limemshusha hadhi. Akarudi kwenye usukani, akaupitisha ulimi kwenye midomo.

"Baba watoto, gia nzito," mkewe alisema.

"Mama watoto, mimi nimevuka hapa kabla fundi yule hajaota meno."

"Meno anayo sasa, na amesema gia nzito."

"Nikiingia na gia nzito nitatembea kama mtu anayesindikiza maiti. Na saa kumi hainisubiri." Akaliingiza gari mchangani.

Kwa kweli lilikwenda vizuri. Haki yake apewe: mikono ilikuwa bado inajua kazi. Gari liliyumba kidogo, likajinyoosha, mchanga ukaruka nyuma, na uso wa Hasimami ukarudi ujana mbele ya macho ya mkewe. Tangu arudi kutoka hospitali hakuwa na uso ule. Alikuwa amekaa sebuleni miezi, anatazama ukuta, akiulizwa kitu anajibu baada ya muda kama mtu aliyepigiwa simu kutoka mbali. Mkewe alimtazama sasa, akafurahi, kisha akainamisha macho kwenye geji na furaha ikamkauka.

"Mshale umefika kwenye alama."

"Nusu ya korongo bado. Nisimame hapa nizame?"

"Umepita alama."

"Nimesikia, mama watoto. Udongo mgumu uko ng'ambo."

Alikaza mwendo. Injini ilipandisha sauti, ikawa inalalamika kwa sauti nyembamba ambayo lori halikuwa nayo kamwe. Hatimaye wakatoka mchangani, magurudumu ya mbele yakaanza kuparamia ukingo wa ng'ambo, na hapo hapo, kwenye mpando wenyewe, mchungaji akatokea juu akiwateremsha mbuzi wake. Walikuwa wengi, na hawakuwa na haraka yoyote duniani.

Hasimami alifanya jambo alilolifanya maelfu ya mara. Alilishikilia gari mlimani, mguu ukichezea mafuta, akililisha kidogo, akiliachia kidogo, lisipande wala lisirudi. Kwenye lori huo ulikuwa ufundi wa kuonewa wivu; klachi ikifika nusu, lori linaning'inia pale kama picha ukutani. Mguu wa kushoto nao ulinyanyuka kushiriki, ukakuta hewa. Mbuzi wa mwisho alipopita, alikanyaga mafuta aondoke.

Injini ilinguruma. Gari halikuondoka.

Alikanyaga tena. Ngurumo ikazidi, gari likatetemeka pale pale, na harufu ikapanda ndani, harufu ya kitu kilichoungulia chini ya sufuria. Likaanza kurudi nyuma taratibu. Alibana breki kwa nguvu zote, akavuta hendibreki, akazima ufunguo kwa hasira, akabaki ameushika usukani kwa mikono miwili. Aliogopa. Hakuogopa vile alipoanguka bafuni, maana kule hakupata nafasi ya kuogopa.

"Washa," mkewe alisema.

"Limeungua hili. Limekwisha."

"Washa, baba watoto. Amesema tusizime."

"Wewe unajua nini kuhusu giaboksi?"

"Sijui chochote. Ndiyo maana nilisikiliza."

Aliwasha. Akapeleka mkono kwenye gia. Akaliachia gari lirudi nyuma kwa breki, hatua chache, mpaka pale ukingo ulipokuwa tambarare na udongo ulipokuwa mgumu. Akaweka nyutro. Injini ikaunguruma taratibu. Mchungaji, aliyekuwa amesimama akitazama mambo yote haya, aliinua fimbo kuwasalimu, akaendelea na safari yake, na pakawa na kimya, isipokuwa sauti ile ya injini.

Mkewe alishuka, akaenda mbele, akainama kwenye wavu. "Njoo uone."

Kirejeta kidogo kilikuwa kimejaa mbegu za nyasi za uwandani, zimejipachika kwenye mapezi yake zikaganda kama manyoya. Upepo usingeweza kupita hapo hata ungebembelezwa. Mkewe alichomoa sindano nene aliyozoea kuichomeka kwenye ukosi wa gauni, akaanza kuzing'oa mbegu moja moja, bila kugusa bati. Hasimami alisimama kando ameegemea boneti, akatazama vidole vile. Baada ya muda alitafuta kijiti chembamba, akaanza upande wa pili.

"Usitoboe," mkewe alimwambia.

"Sitoboi."

Hasimami alikuwa akiitazama saa ya mkononi kila mara, na kila alipoitazama alivuta pumzi kupitia puani. Walipomaliza, mshale ulikuwa bado juu ya alama. Mkewe alitandika kanga kwenye kivuli cha gari, akakaa, akatoa chungwa kikapuni akaanza kulimenya.

"Kaa."

"Nimekaa miezi minne."

"Kaa na mimi, sijasema kaa na ukuta."

Alikaa, mguu mbovu akaunyoosha mbele. Alipokea kipande cha chungwa, akala. Katika miaka yote ya njia hii hakuwahi kuketi chini kwenye udongo wake. Hakujua kwamba kutoka hapa vilima vinaonekana vitatu, vimepangana, na kwamba upepo ukivuka korongo unaleta harufu ya majani makavu.

"Unakumbuka neno la kwanza la kitinda mimba wetu?" mkewe aliuliza.

"Si alisema mama?"

"Alisema baba. Ila hakuwa anakuita wewe. Wewe ulikuwa ukipita barabarani na mzigo, unapiga honi pale nyumbani, unaendelea. Nikimbeba namkimbiza mlangoni: baba huyo, baba huyo! Akashika kwamba baba ni honi. Basi lolote likipiga honi, baba. Hata baiskeli ikigonga kengele, baba. Ile siku ulipolala nyumbani na homa, nikamleta chumbani nikamwambia, baba huyu hapa, alikutazama, akatoka mbio kwenda mlangoni kusikiliza."

Hasimami alitabasamu, halafu tabasamu likakosa pa kukaa. "Hukuwahi kuniambia."

"Nilikuambia. Ulicheka mpaka ukatoa machozi. Ukaenda kuwasimulia bohari nzima."

Alikumbuka. Kweli alikuwa amesimulia, tena kwa miaka, kila alipotaka kuwachekesha watu. Alikuwa na mtindo wake wa kuigiza mtoto anavyoonyesha kidole.

"Ilikuuma?"

"Iliniuma. Sikukasirika. Ulikuwa unatutafutia riziki, nani angekukasirikia? Lakini iliniuma."

Hasimami aliichukua mbegu moja ya nyasi iliyoshikilia mkono wa gauni la mkewe, akaitupa. Mkewe alimpa kipande kingine cha chungwa. Walikaa hivyo mpaka mkewe alipoinuka, akachungulia geji, akasema mshale umeshuka.

Gari lilipanda ukingo ule likiwa na gia nzito, polepole, bila kelele, kama lililokuwa likisubiri tu kuombwa vizuri. Harufu ilikuwa imekwisha. Hasimami aliliongoza juu ya mawe ya kwanza, akahisi namna gia nzito inavyolishika gari lenyewe, haliponyoki likishuka wala halihemi likipanda. Nyusi zake zilipanda kidogo, na mkewe alitazama nje ili acheke kwa nafasi.

Walisimama tena katikati ya vilima. Mshale uligusa alama, mkewe akasema, naye akatafuta mahali pa tambarare bila kubishana, akaweka nyutro. Mara hii hakukaa. Alizunguka gari, akachungulia kirejeta, akakagua kamba za mzigo, akatazama saa, akazunguka tena. Ilikuwa imepita saa nane, saa aliyojisifu kwamba atakuwa anageuza. Alipiga hesabu za mawe yaliyobaki na kuona kwamba wakiondoka sasa, na wasisimame tena, watafika kabla ya redio, labda kwa dakika za kuhesabika. Akajaribu kuirudia hesabu ile apate jibu zuri zaidi, ikagoma.

"Mama watoto, tukisimama tena, kazi imekwenda."

"Najua."

"Wale vijana watapewa njia."

"Najua, baba watoto. Haya, mshale umeshuka. Twende."

Mpando wa mwisho ni mrefu, una mikunjo mitatu, na kwenye mkunjo wa pili kituo kinaonekana: nyumba mbili nyeupe, mlingoti mrefu wa redio, na vibanda vya vipimo vilivyosimama kwa miguu myembamba. Hasimami alipoviona alishusha pumzi. Ilikuwa saa kumi kasoro. Mguu wake wa kulia ulitaka kushuka, akauzuia.

"Mshale unasemaje?"

"Uko sawa," mkewe alijibu.

Wakapanda. Jiwe, shimo, jiwe. Injini ilianza kupandisha sauti ile nyembamba, na Hasimami, ambaye masikio yake yalikuwa yameishi na magari kuliko na watu, aliitambua.

"Mshale?"

"Uko sawa. Endelea tu, kituo kile pale."

Kulikuwa na kitu kwenye sauti ya mkewe. Ndoa yao ilikuwa ndefu vya kutosha kwa yeye kujua mkewe anavyosema kweli, ingawa, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupita, hakupata mafunzo mengi ya namna anavyodanganya. Hasimami aliyaondoa macho barabarani, jambo asilolifanya kamwe, akainama upande wa abiria. Mkewe alikuwa ameweka kikapu mbele ya geji. Hasimami alikisogeza kwa mkono wa kushoto. Mshale ulikuwa umepita alama nyekundu mbali, umeegemea ukingo wa kioo.

Kituo kilikuwa karibu kiasi kwamba aliona mtu ametoka uwanjani, amejikinga jua kwa kiganja, anawatazama. Mkunjo mmoja tu. Lori lingekuwa limeshafika. Hasimami wa zamani angekuwa ameshafika, honi inalia, na watu wanamkimbilia.

Kando ya njia palikuwa na bamba la mwamba tambarare. Alilipeleka gari juu yake, akaweka nyutro, akavuta hendibreki, akaiacha injini iungurume.

"Umenidanganya," alisema.

"Nimekudanganya." Mkewe alikuwa akilia, bila sauti, kama mtu anayetokwa na jasho. "Kimebaki kipande kidogo. Nilisema huenda likavumilia. Wakikunyima njia hii utarudi kwenye kile kiti, utautazama ukuta, na mimi nitakutazama wewe. Naogopa. Mchana mzima nashona huku nakusikiliza kama unapumua. Giaboksi iungue, lakini ufike!"

Kule juu, mtu wa uwanjani aliingia ndani. Huenda saa kumi ilikuwa imefika, Hasimami hakuitazama saa. Sasa alijua kwamba maneno yale yalikuwa yakisemwa moyoni mwa mkewe kila siku, kwa miezi, chumba cha pili kutoka kwake, cherehani ikiyafunika.

"Sikujua kwamba unanisikiliza," alisema.

"Ungejuaje?"

"Naweza kuwa nakohoa. Nikukoholee kila baada ya robo saa."

Mkewe alicheka huku akijifuta kwa ncha ya kanga, akampiga begani. Alimshika mkono ule kabla haujarudi, akauweka kwenye goti la mguu mbovu, ukakaa hapo. Mshale ulishuka kwa kasi yake wenyewe, nao waliungoja mpaka ulipofika chini kabisa ya alama, wala hakuna aliyesema sasa inatosha.

Walipoingia uwanjani kituoni, mkuu wa kituo, mwanamke mrefu aliyevaa sweta mbili, alitoka kuwalaki. Macho yake yalikuwa na huruma, na huruma ile ilimwambia Hasimami kila kitu kabla hajashuka.

"Wako hewani bado," mwanamke alisema. "Nimewaambia nakuona. Wakauliza kama umefika. Sikuweza kusema umefika, mzee wangu. Nisamehe."

"Hukukosea. Sikuwa nimefika."

Chumba cha redio kilikuwa kidogo, meza moja, kiti kimoja, dirisha linalotazama vilima. Vijana wawili wa vipimo walianza kushusha mzigo nje. Mkewe alibaki garini, injini ikiunguruma. Mkuu wa kituo alimpa Hasimami kipaza sauti. Sauti ya mkuu wa bohari ilikuja na mikwaruzo.

"Mzee. Saa imepita."

"Imepita, mkuu."

"Kulikuwa na tatizo njiani?"

Palikuwa na mbuzi. Palikuwa na mchanga, mawe, mbegu za nyasi. Hasimami alikuwa na visingizio vya kutosha kujaza pikapu, na vyote vilikuwa vya kweli. Alivitazama vikipita.

"Hapana. Nilisimama."

"Ulisimama?"

"Mara tatu. Giaboksi ilikuwa inachemka. Ya mwisho nilikuwa nakiona kituo, saa kumi ikiwa bado haijafika. Ningeweza kufika. Nilisimama."

Redio ilikwaruza. Mlangoni kijana mmoja alipita na trei za mayai, akaziweka chini, akamwonyesha mkuu wake kwa kidole. Mwanamke aliinama, akafunua trei ya juu, ya pili, ya tatu. Kisha akachukua kipaza sauti mkononi mwa Hasimami bila kuomba.

"Mkuu, hapa kituoni. Naomba uandike kwamba mayai yamefika yote mazima. Na vioo vya vipimo pia. Mimi nina miaka sita hapa, sijawahi kulichemsha yai la bohari. Huwa yanafika yamevunjika, tunayakoroga tu."

Hasimami alimgeukia. "Miaka sita? Mbona hamkusema?"

"Tungesema saa ngapi, mzee? Ulikuwa unashusha huku gari linatembea."

Mikwaruzo ya redio ilikata, ikarudi. Ilikuwa vigumu kujua kama mkuu wa bohari alikuwa anacheka au anakohoa. "Mzee, wiki ijayo ukipewa mzigo, utasimama tena?"

Hapa ndipo angeweza kusema neno moja zuri, la kumfurahisha mwenye mizigo. "Nitasimama," alisema. "Gari hili haliendi bila hivyo. Na mimi pia nimeona siendi bila hivyo."

Mkuu wa kituo alikuwa amebana midomo. Nje injini ilisikika, taratibu, bila wasiwasi.

"Basi utoke alfajiri," sauti ilisema. "Usinifikishe saa kumi. Mimi nina presha."

Hasimami aliweka kipaza sauti mezani kwa uangalifu kama kwamba nacho kilikuwa yai. Alitoka nje akichechemea. Kwa muda alisimama uwanjani, upepo wa vilimani ukimpiga usoni. Mkewe alikuwa amehamia kiti cha dereva ili mguu wake uwe karibu na breki injini ikiunguruma, mikono ameiweka magotini, kama pale gereji. Hasimami hakumwambia ahame. Alizunguka, akafungua mlango wa abiria, akapanda, akakaa.

Mkewe hakugeuka. "Wamesemaje?"

"Wamesema wiki ijayo tutoke alfajiri."

Alifumba macho, akayafumbua. Kisha akasema la kazi, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Alfajiri? Mimi wiki ijayo nina sare za shule za kupiga pindo, mzigo mzima. Siwezi kuziacha."

"Njoo nazo," Hasimami alisema. "Tutakuwa tunasimama."